Mashimo Saba Niliyoyaona Kutoka Angani

Tangu nirudi siwezi kuchota maji kwenye bomba bila mtu kunishika mkono. "Boni, kule juu iko namna gani?" "Boni, ni kweli ulitapikia kofia ya muzungu?" Nimesimulia mara mia nne, na kila mara ndege inapanda zaidi; jana, kwa bahati mbaya, niliifikisha karibu na mwezi. Basi naandika mara moja, kwa kuwa kalamu ina haya kuliko mdomo. Msome kwa zamu hapa kambini Makomeno, na atakayepaka mafuta ya samaki kwenye karatasi atainakili upya.

Angani

Patron wangu, mkubwa wangu wa kazi, Msiyo Delvigne, ni mpimaji wa ardhi. Aliagizwa atafute machimbo ya zamani yaliyoachwa porini tangu reli ilipojengwa, ili yale yenye mawe mazuri, hasa ya chokaa, yafunguliwe tena. Kuyatafuta kwa miguu ni kazi ya mwaka mzima. Kwa ndege ni asubuhi chache. Alihitaji mtu wa kuchora huku yeye anatazama, akanichukua mimi, maana nina cheti cha shule ya jioni na katika uchoraji nilikuwa wa kwanza. Tulikuwa watatu, mmoja akaugua siku ya mtihani, lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Ndege yenyewe ni ndogo. Ina viti vitatu na mlango uliofungwa kwa mkanda kama sanduku la mtu anayehama. Rubani alikaa mbele, patron kando yake, mimi nyuma na ubao wa kuchorea magotini. Ilipoacha ardhi, tumbo langu lilibaki kiwanjani, likatufuata baadaye kwa hasira.

Mnaijua nchi yetu: vichuguu vya mchwa vinashinda nyumba kwa urefu. Kutoka juu vinakuwa kama vipele mgongoni, na shimo nalo linaonekana kama kipele. Kutofautisha ndiyo elimu. Asubuhi, kichuguu hutupa kivuli chake nje, upande wa magharibi. Shimo hukificha kivuli ndani, upande wa mashariki, jua linakotoka. Halafu kuna miti. Wakati wa kiangazi pori lote ni la rangi ya kahawia, lakini shimo la zamani hutunza maji, kwa hiyo majani yake ni mabichi kama ya mwezi wa mvua. Na tena ukingo wake umenyooka. Mungu hachimbi kwa kamba. Anayenyoosha ni mtu.

Tukapata mashimo ya wafyatua matofali, tukapata moja lililojaa migomba, nikachora. Kisha, kando ya kijito, yakatokea saba kwa mstari, na kivuli kiko ndani, na majani mabichi pembeni. Kuyazunguka kulikuwa na kitu cheupe kinachong'aa mpaka kinaumiza jicho. Hatua chache kutoka pale kulikuwa na paa za kijiji. Kwenye ramani hakukuwa na kijiji chochote mahali hapo.

Patron akageuka, akapiga kelele kushinda injini: "Kile cheupe ni nini?"

Wakati huo tumbo lilikuwa limefika kwenye meno. Ningeweza kusema sijui. Lakini ni nani anasoma miaka minne, jioni baada ya kazi, kwa taa ya kunuka, ili aje aseme sijui?

"Chaux, patron. Chokaa."

Akafurahi. Akachukua penseli yangu na kuchora duara mwenyewe. Mimi nikavua kofia na kufanya lile mnaloulizia. Kofia ilikuwa yangu.

Tulipotua alisema, akifuta miwani: "Ikiwa ni chokaa kweli, wale watu watavuka kijito kabla ya mvua. Wataenda mbali kidogo. Baruti na nyumba havikai pamoja." Alisema hivyo kama mtu anayesogeza kiti. Mchana huo alitia duara wino mwekundu kwenye ramani kubwa ya kitambaa.

Mama yangu alihamishwa mara mbili kabla hajanizaa. Mpaka leo akipanda mti, anachagua unaozaa upesi. Sikumwambia nilichosema angani.

Kwa bahati njema karatasi haipandi kwa wakubwa bila sampuli. Patron akanipa magunia saba madogo na vigingi saba vyenye namba, kimoja kwa kila shimo, akasema lori litanifikisha kivukoni, mengine nijue mwenyewe. Chupa ya asidi, ile inayochemka ikidondoshwa kwenye chokaa, ilibaki kabatini. "Hiyo ni ya ofisini," alisema. "Wewe leta tu kitu."

Kwa kamyo mpaka kivukoni

Dereva wa lile lori alikuwa Ilunga, mtu wa kaskazini kama sisi, anayeongea na kamyo yake kuliko na abiria. Kwenye kila kilima aliibembeleza: "Panda, mama, panda, nitakupa maji." Tulikuwa kumi na mbili juu ya magunia ya chumvi, pamoja na kuku ambao walipata nafasi nzuri kuliko mimi.

Kivukoni tukakuta pantoni imefungwa ng'ambo. Mwenye pantoni alikuwa amekwenda matangani, na kamba ya kuivutia aliondoka nayo, asije mtu akavusha bila yeye.

"Atarudi lini?" nikauliza.

"Wakimaliza kulia," akajibu mama mmoja aliyekuwa akichoma viazi vitamu. "Marehemu alipendwa. Kaa."

Nikakaa siku nzima na asubuhi yake. Nikanywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, mpaka nikasikia mawimbi ndani yangu kila nilipogeuka. Na hapo kosa likatokea. Watu waliuona mkoba wangu wa ngozi na vile vigingi vyenye namba, wakakubaliana kimya kimya kwamba mimi ni mtu wa sindano za chanjo. Niliamka kutoka usingizi wa mchana nikakuta foleni. Wanaume walikuwa wamevua mashati, bega la kushoto mbele. Kina mama walikuwa wameshika watoto waliokwisha kuanza kulia.

"Ndugu zangu, sina sindano," nikasema. "Mimi natafuta mashimo."

Wa kwanza kwenye foleni akatazama bega lake, akanitazama mimi. "Mashimo ya kutia wapi?"

Nikawaeleza habari ya ndege, kivuli cha ndani na kivuli cha nje. Walinisikiliza kwa heshima sana. Nilipomaliza, yule wa viazi akamwambia Ilunga, kwa sauti ya chini ambayo ilifika ng'ambo: "Umuchunge huyu. Munkoyo imemupanda."

Mwenye pantoni alirudi na kamba yake begani, macho mekundu, akatuvusha.

Kwa kinga

Ilunga aligeuzia kivukoni, nami nikafuata barabara kwa miguu mpaka ilipoishia, kwenye kanisa dogo. Katekista wa pale alinikopesha kinga, baiskeli yake, akaisifu kwanza kwa robo saa: breki za Ubelgiji, kengele inayosikika kijiji cha pili. Alisahau kusema habari za mnyororo. Ulikatika kabla kanisa halijapotea machoni. Kuanzia pale mimi ndiye niliyeibeba baiskeli zaidi kuliko ilivyonibeba, na kila nilipoanguka mchangani kengele ililia yenyewe, ndege wote wa porini wakajua.

Kwa hiyo safari ya siku moja ikawa ya mbili. Nililala kwa wachoma makaa, wakanipa bukari ya unga wa mihogo na uyoga wa kukauka. Walipojua ninakokwenda wakaniambia jina: Kishamata. Nilijisikia vibaya kidogo kulisikia. Kitu kisicho na jina ni rahisi kukichorea duara.

Kishamata

Nilifika jua likiwa utosini. Kijiji kilikuwa kimya, watu wako mashambani. Ningepaswa kwenda kwanza kwa mfumu, mkuu wa kijiji, nipige makofi, nijitambulishe, ninywe maji. Mnajua adabu, na mimi naijua. Lakini nilikuwa nimechelewa siku mbili, nikasema kazi kwanza. Nikashuka kijitoni, nikachomeka vigingi, namba moja mpaka saba, kila kimoja ukingoni mwa shimo lake. Kwenye ukingo kulikuwa na vijiti vingine vidogo vilivyofungwa vitambaa na nyuzi. Niliviona. Sikuvijali.

Halafu nikainama kuokota chokaa yangu.

Ilikuwa nyepesi. Ikavunjika kama mkate mkavu. Nikainusa, nikailamba. Mashimo yote saba yalikuwa yamejaa maji, na ndani ya maji mihogo imelowekwa, na harufu yake, ambayo mnaijua, ilinipiga usoni. Kile cheupe kilichong'aa mpaka mbinguni ilikuwa mihogo iliyoanikwa juani kwenye mawe.

"Weye, baba," sauti ikasema nyuma yangu. "Unaloweka mihogo hapa tangu lini?"

Alikuwa mama mnene mwenye beseni kichwani, na nyuma yake wengine wanane au tisa. Nilikuja kumjua kama Mama Ngoie, mwenye shimo la nne na mwenye neno la mwisho katika yote.

"Mama, mimi sina mihogo."

"Na ile bijiti ni ya nani?"

"Ni yangu. Yaani, ni ya ofisi."

"Kumbe ofisi inakula bukari." Akageuka kwa wenzake. "Kujeni muone. Muntu moya, mashimo saba. Bibi yake atachoka kutwanga."

Wakacheka, lakini hawakuondoka, na polepole nikaelewa nimefanya nini. Pale Kishamata kila mwanamke ana kijiti chake. Akikichomeka kwenye shimo, mihogo iliyomo iko mikononi mwake, na hakuna mwingine anayeigusa mpaka amalize kuitoa, kuivunja na kuianika. Atakayechomeka kijiti kipya mbele ya cha mwenzake amejitwika kazi yote. Mimi, kwa vigingi virefu vya serikali, nilikuwa nimejitwika mihogo ya kijiji kizima.

"Basi naving'oa," nikasema.

"Kama unang'oa mbele ya kumaliza, inaoza, na makosa iko yako," akasema Mama Ngoie. "Vua viatu."

Nikavua. Mchana ule wote niliingia maji mpaka kiunoni, shimo kwa shimo, nikatoa mihogo laini inayoteleza kama sabuni, nikaikamua na kuivunja na kuianika. Wenye mashimo walikaa kivulini wamenyoosha miguu, kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu waolewe.

"Ona ule mugongo," mmoja akasema. "Haujawahi kuinama."

"Umusamehe. Ni mugongo wa kalamu."

"Baba, ule wa pembeni umeacha. Ehe, ule. Ofisi itauliza."

Nilitoa, kwa hesabu ya kweli, tani kumi na saba. Mama Ngoie anasema mabeseni thelathini. Tuachie hapo.

Jioni mfumu, mtu mwenye umri kama wangu anayependa kengele za baiskeli, aliniita kula. Bukari, sombe ya majani ya mihogo, samaki wa kijito. Mama Ngoie alikuwepo, kwa kuwa ni dada yake mkubwa, na mfumu alimtazama kabla ya kila jibu. Nilikula matonge matatu, la nne nikalirudisha sahanini. Nikawaambia yote: ramani, wino mwekundu, chupa ya asidi inayochemka kwenye chokaa, baruti, kuvuka kijito kabla ya mvua.

Mfumu akamtazama dada yake. Kisha Mama Ngoie akauliza, taratibu: "Na nani alisema ni chokaa?"

"Mimi, mama."

"Ulikuwa wapi?"

"Ndani ya ndege."

"Ile ndege ya ile siku? Tuliiona. Batoto balipunga mikono. Na weye ulikuwa mule, unaita chakula yetu majiwe."

"Ndiyo, mama."

Akachukua mwiko, akaniongezea bukari. Nimewahi kukasirikiwa na watu wengi, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ule mwiko.

Mfumu akasema mashimo yalichimbwa na watu wa reli wa zamani, waliotaka mawe ya kujengea daraja, wakaondoka. Maji yakaingia, na mabibi wa Kishamata wa enzi hizo wakaona ni mahali pazuri pa mihogo. Jiwe lenyewe? Hakujua. Kuta za mashimo ni za jiwe la kijivu linaloelekea weupe, nami sikujua pia. Chupa ilikuwa kabatini, mwendo wa siku nne.

"Beba majiwe ya mutoni," akasema Mama Ngoie. "Ile nyeusi. Nani atajua?"

Nilifikiri, nakiri. Nilifikiri mpaka bukari ikapoa.

"Patron ana tabia ya kurudia kila kipimo," nikasema mwishowe. "Akija mwenyewe na chupa yake akakuta jiwe lingine, hatamuuliza tena mtu mweusi yeyote kitu. Atachora tu. Nitabeba la hapa."

"Na kama inachemuka?"

"Nitarudi kuwaambia mwenyewe."

"Kwa miguu," akasema. "Siyo kwa ndege."

"Kwa miguu, mama."

Kurudi na magunia

Katika kila gunia niliweka jiwe moja lililovunjwa ukutani mwa shimo na mihogo michache iliyolowekwa, ili patron aone kile cheupe kwa macho yake. Mihogo ilikuwa haijakauka. Hilo ni kosa la pili la safari, na lilinuka kuliko la kwanza.

Katekista aliipokea baiskeli yake, akanusa, akauliza kama mnyororo ndio umefanya vile. Kivukoni, pantoni ilikuwa upande wangu, ajabu, na mwenyewe alinivusha peke yangu, bila kusubiri abiria wengine, au tuseme abiria walipendelea kusubiri. Ilunga alizunguka mara mbili akitafuta kitu kilichofia chini ya kamyo. Nilipomwonyesha magunia alinipandisha juu kabisa, nyuma ya mizigo yote, akasema: "Huko upepo utakutunza."

Wenzangu wa safari waliimba. Mimi nilishika lile jiwe la shimo la nne, nikalitemea mate, nikalisugua, nikalipiga kwa kisu, kana kwamba linaweza kuniambia. 

Ofisini

Patron alifungua madirisha kabla hajasema bonjour. Nikapanga magunia saba mezani, kwa namba. Akachukua kipande cheupe kwa ncha za vidole.

"Hii ndiyo chokaa yako?"

"Ni chakula, patron. Ni mihogo. Watu wa pale wanailoweka kwenye mashimo."

Akakigeuza, akakinusa. "Ulisema chaux."

"Nilisema, patron. Nilikuwa juu sana."

Akakiweka kile kipande chini. Lakini kama nilivyowaambia, ni mtu wa kurudia. Akatoa chupa kabatini na kuvuta jiwe la kwanza. Tone moja. Likakaa pale, limetulia kama umande. La pili. La tatu. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. La nne, lile la Mama Ngoie, lilikuwa jeupe kuliko mengine, na patron akaliinamia mpaka pua ikakaribia kuungua. Tone likateleza upande bila kuchemka, likaanguka mezani. La tano, la sita, la saba. Kimya.

Nikaanza kupumua.

"Labda asidi imekufa," akasema patron.

Akaenda ukutani, akakwangua kidogo ile rangi nyeupe, na ni nani asiyejua kuta za ofisi zinapakwa nini? Akadondoshea tone. Ikachemka, ikatoa povu kama sufuria ya maziwa. Asidi ilikuwa hai kabisa. Mawe ya Kishamata yalikuwa mawe tu.

Patron akarudi mezani. Alitandaza ramani ya kitambaa, akanipa wembe. Hivyo ndivyo tunavyofuta wino kwenye kitambaa: unakwangua, uzi kwa uzi, bila kupumua, ukizidisha unatoboa. Duara jekundu lilichukua saa nzima. Sijawahi kufanya kazi kwa raha kama ile. Lilipoisha nikasugua mahali pale kwa ukucha ili wino usisambae, nikachovya kalamu kwenye wino mweusi.

"Unaandika nini?" akauliza.

"Jina, patron. Pale kuna kijiji."

Hakukataa. Nikaandika KISHAMATA, polepole, kwa mwandiko wote niliofundishwa, na chini yake, kidogo, *fosses à manioc*, mashimo ya mihogo, ili atakayekuja na ndege nyingine ajue kile cheupe ni nini. Patron akaja na rula yake. Akapima herufi za kijiji, akapima za kijiji jirani, akazipima tena.

"Zako zimezidi kipimo."

Nikatazama. Zilikuwa zimezidi, tena sana. Hata mji una herufi ndogo kuliko zile.

"Wino umekauka, patron," nikasema.

Wembe ulikuwa bado mezani, kati yetu. Aliutazama. Kisha akaufunga kwenye karatasi yake, akaurudisha kwenye droo, akaniambia nitoe ile mihogo nje.